Upande B

Nilinunua zote nne kwa elfu sita,
Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tatu,
kwa kijana aliyezifunga kwenye gazeti kama dagaa,
asiyejua Mabawa Jazz ilikuwa nini.
Sikumwambia. Angepandisha bei.

Redio kaseti ni ya shangazi.
Mlango wake umefungwa kwa kipande cha tyubu,
na mkanda ukilegea naukaza kwa penseli.
Jumamosi nzima, tangu umeme uliporudi.

Nimeanza na Hizza, kwa kuwa yeye ndiye sauti,
yeye ndiye wa kwanza kuaga.
Picha ya jalada wamewakata wenzake,
ila ukitazama vizuri
kidole cha mtu kimebaki begani pake.
Anaimba vizuri, siwezi kumsingizia.
Lakini akimaliza mstari ananyamaza,
kwa kipimo kile kile cha zamani,
akingoja kujibiwa,
na kinachomjibu ni kinanda cha umeme
kilichokodiwa kwa saa.
Nyimbo nane za mapenzi, zote zamlaumu mtu mmoja.
Nikadhani mwanamke, hadi ule wa sita
anapodaiwa pesa za vipaza sauti.

Mwanyoka, gitaa la solo. Ah, Mwanyoka.
Anafungua kwa kile kipande
tulichokuwa tukikipigia mluzi shuleni Usagara
hadi mwalimu wa zamu akatujua kwa mluzi.
Dakika tisa, na hakuna wa kumwambia basi.
Zamani Hizza alikuwa akikohoa kwenye maikrofoni,
na gitaa likaelewa, likakaa pembeni.
Hapa hakuna wa kukohoa.
Linazunguka kama mgeni aliyesahau nyumba,
linapiga hodi hata kwenye ukuta.

Shekalaghe ameokoka.
Saksafoni yake inamsifu Mungu mahali fulani Korogwe,
na jogoo anaitikia, nje ya ufunguo.
Upande A wote nilikuwa nafua.
Upande B, mwishoni kabisa,
labda hakujua mashine bado inazunguka,
anapiga dansi kidogo, taratibu,
kama mtu anayeonja mchuzi akiwa amefunga.
Kisha kicheko. Kisha mlango.
Nimekirudia mara kumi na moja.

Ya Sufiani ina maneno kuliko ngoma.
Lori lililokwama njia ya Handeni,
nani alilala hotelini, nani alilala juu ya spika.
Kila anayemtaja ni mwizi.
Mhina tu hamtaji.

Hapo ndipo nikalisikia lililokosekana,
baridi ile ya chini katika kaseti zote nne,
kama sakafu iliyotolewa mkeka.
Besi. Wamekodi besi, wameazima besi,
Hizza ameipiga kwa kidole kimoja kwenye kinanda.
Mhina mwenyewe hakurekodi kitu.

Jumatatu nikampelekea baiskeli, Makorora,
ingawa gurudumu lilikuwa na ubovu wa kuvumilika.
Akaipindua, ikasimama kwa tandiko lake.
Hakutumia kifaa. Aliinamisha sikio
akagusa spoku, moja moja, kwa dole gumba,
tung, tung, teng.
"Hii imelegea," akasema. Akakaza.
Tung.
Akarudi kwenye ya tatu, akaiacha, akairuka,
akaigusa tena baada ya mbili,
na mimi, mtu mzima, nimeshika pampu ya watu,
nikamsikia Hizza akipumua kabla ya kuingia,
nikamsikia Mwanyoka akikaa pembeni.

Nilitaka kumwambia kuhusu kaseti.
Nikamuuliza kama ana mipira ya breki.

"Elfu moja mia tano," akasema,
akafuta mkono kwenye suruali.
"Bado linayumba kidogo. Rimu imechoka.
Usibebe mtu."